Shimo la Chumvi Nyuma ya Banda la Brashi

Vijana mnaosomea ufundi wa umeme, mimi si mwalimu wenu na cheti sina. Nilicho nacho ni miaka mingi ya kushika waya, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kisichokunjika, na hasira. Hasira hiyo imeamshwa juzi na mjukuu wangu, aliyekuja likizo akanikuta nimekaa barazani, akaanza kunisomea masomo yake kwa sauti kama kasuku: "Chumvi ikiwa kavu haipitishi umeme. Ikiyeyuka katika maji, hupitisha." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, "Na hiyo imewahi kumuua mtu?" Akacheka, akasema, "Babu, hiyo ni kemia tu." Basi nimeona niseme, maana hilo neno "tu" limenikaa kooni.

Kwetu ni Masaki, upande wa Kisarawe. Kazi niliianza wakati wa Mwingereza, vita vikuu vya pili vimekwisha na bei ya mkonge imepanda, kila mwenye shamba anataka singa, nyuzi za mkonge, zitoke usiku na mchana. Shamba letu lilikuwa upande wa Soga, mwendo wa mguu kutoka stesheni. Aliyeniombea kazi ni Fundi Mbaraka, mtu wa Masaki vilevile, mrefu, mkavu, mwenye kikohozi cha tumbaku na ulimi mkali. Umeme wote wa shamba lile ulikuwa mikononi mwake. Meneja alikuwa Mzungu, lakini taa zikizimika hata yeye alisimama nje akisema, "Mbaraka yuko wapi?"

Siku ya kwanza Fundi alinizungusha kila mahali. Nyuma ya banda la brashi, yaani banda la mashine za kuchana singa zilizokauka kabla ya kufungwa marobota, nikaona tuta limezungushiwa mawe na matawi ya miiba. Mimi mtoto wa chuoni nikajua wajibu wangu. Nikavua kofia, nikainua mikono, nikasoma Fatiha, nikajipangusa uso. Kugeuka, namwona Fundi Mbaraka amechuchumaa anashika mbavu, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Umemrehemu nani, mwanangu?"

"Marehemu."

"Humo hamna marehemu. Muna bamba la shaba na chumvi ya mawe." Akajifuta macho. "Lakini usiwaambie wenzio."

Kazi ya shimo lile ni hii. Mashine zote za banda la brashi zilikuwa na mwili wa chuma, na kila moja ilikuwa na mota yake. Waya wa mota ukichubuka ukagusa chuma, mashine nzima inashika umeme, na anayeigusa ndiye anayelipa. Kwa hiyo kila mashine ilifungwa waya mnene wa shaba uliotoka nje hadi kwenye bamba lililozikwa. Umeme ukitoroka hukimbilia ardhini kwa njia hiyo, kwa nguvu, fyuzi inakatika, mashine inazima. Watu wananuna kwamba kazi imesimama, lakini wananuna wakiwa hai. Tatizo ni mchanga wetu. Mchanga wa Soga ukikauka, umeme haupiti. Ndiyo maana bamba lilizungushiwa chumvi na makaa, tabaka juu ya tabaka, na kila asubuhi shimo likanyweshwa debe moja la maji.

Nilimuuliza Fundi kwa nini tuhangaike na maji ilhali chumvi ipo tele humo ndani. Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua betri ya gari, balbu ndogo na nyaya mbili, akazichomeka ncha katika bakuli la chumvi kavu. Balbu kimya. Akamimina maji, akakoroga kwa kijiti, balbu ikaanza kuona haya, ikapata wekundu, ikawaka. Mimi nikajiona hodari, nikaleta sukari niliyoificha kwa ajili ya chai yangu, maana nayo ni nyeupe na nayo huyeyuka. Tukaitia maji, tukakoroga, balbu haikushtuka hata kidogo, na sukari yangu ikapotea bure. "Weupe si hoja," Fundi akasema. "Leo utakunywa chai bila sukari kwa ujinga wako."

Mara nyingine alinipa bonge la chumvi na nyundo, akaniambia nilifue liwe bamba kama ninavyofua madini ya risasi. Nikapiga kidogokidogo, kwa heshima. Likapasuka vipande, kila kipande kina uso bapa kana kwamba kimekatwa kwa msumeno. Kisha tukaenda kwa mhunzi wa shamba, tukatia nta katika kikombe cha chuma na chumvi katika kingine. Nta ilikwisha kabla mhunzi hajakaa vizuri. Chumvi ikatutazama tu. Mhunzi alivukuta hadi akaanza kututukana, ndipo ikayeyuka, imeiva nyekundu, na Fundi akatumbukiza nyaya zake. Balbu ikawaka bila tone la maji. Mimi nilitoka nje mbio.

Sababu yake sikuijua mpaka nilipohamia Dar es Salaam, nikawa mtu mzima ninayekaa dawati moja na watoto katika masomo ya jioni. Mwalimu alisema chumvi ni ndoa ya madini laini iitwayo sodiamu na hewa ya sumu iitwayo klorini. Sodiamu ina elektroni moja ya nje isiyoishikilia sana. Klorini imepungukiwa moja. Huyu anatoa, yule anapokea. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anakuwa na chaji hasi, wote wawili sasa wanaitwa ioni, na wanavutana. Mimi nikadhani basi wamekaa wawiliwawili, mume na mke. Mwalimu akasema hapana, kila chanya amezungukwa na hasi pande zote, na kila hasi amezungukwa na chanya, mistari kwa mistari, kama manamba, vibarua wa shamba, wakati wa kuhesabiwa asubuhi. Ndiyo sababu moto mdogo hauwatenganishi. Ndiyo sababu nyundo ikisogeza mstari mmoja, chanya anajikuta uso kwa uso na chanya mwenzake, wanasukumana, bonge linapasuka. Na ndiyo sababu chumvi kavu haipitishi umeme: chaji zimo, lakini kila mmoja amefungwa mahali pake na hawezi kutoka. Maji yakiingia yanawafungua, kila ioni inakwenda njia yake, na umeme unapata wa kuubeba. Wenzangu darasani walinakili. Mimi nililia, nikasingizia homa.

Sasa nirudi Soga. Nimesema Fundi aliniambia nisiwaambie wenzangu, na hapo ndipo penye kidonda. Mafundi wa zamani walificha kazi zao, lakini Fundi Mbaraka hakuishia kuficha. Chumvi ilikuwa ya shida miaka ile, na mwanzoni watu wa kambi ya vibarua walikuwa wanakwenda kuichokonoa, na wasipokwenda wao walikwenda mbuzi wao kulamba. Fundi alichoka kufukuza. Siku moja akatangaza mbele ya watu kwamba shimo lina mwenyewe, kwamba maji anayomwaga kila asubuhi ni haki yake, na atakayegusa atamkuta. Wiki hiyo hiyo mbuzi wa Mzee Pazi, mkubwa wa kambi yetu, akafa kwa tumbo kujaa. Basi. Tangu hapo wanawake wakipita nyuma ya banda la brashi walishusha sauti, na hakuna aliyeiba hata punje.

Mimi nilicheka sana. Nilikuwa najua siri ambayo kambi nzima haikuijua, na ujana ulinifanya nione raha.

Kisha vuli ikakosekana, na masika nayo ikachelewa. Visima vya shamba vikatoa tope, halafu vikakoma. Mashine kubwa ya kuchuna mkonge, ambayo hunywa maji kama mto, ikasimamishwa. Maji ya watu yakawa yanaletwa kwa behewa la tangi kutoka Ruvu hadi stesheni, na kutoka stesheni kwa tela. Kila nyumba debe moja, na tela likichelewa, hata hilo halipo. Watu walitayamamu kwa vumbi, badala ya kutawadha kwa maji, wakaswali. Lakini banda la brashi halikusimama, kwa kuwa singa zilizokwisha kukauka zilikuwa nyingi, na Meneja alitaka marobota yafike bandarini. Kwa amri yake shimo likaendelea kupata debe lake. Hiyo ndiyo amri pekee ya maana aliyoitoa mtu yule. Nyumba ya injini ya kuzalishia umeme ilikuwa na shimo lake, nalo halikuhitaji debe, maana lilikaa chini ya tangi la kupozea lililokuwa likidondosha, na tangi lenyewe Meneja alilipima kwa kijiti kila asubuhi asije mtu akateka.

Asubuhi moja, debe la shimo liko chini ya miguu yetu, akaja Kibwana. Kibwana alikuwa mtu wa Mlandizi, mtulivu, mwendeshaji wa mashine ya mwisho karibu na mlango wa banda la brashi. Yeye na mkewe Mwanahawa walikuwa na mtoto mmoja, Tatu, bado anajifunza kusema. Wawili kabla yake walikuwa wamekwisha kuzikwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Kibwana. Mtoto kaamkaje?"

"Macho yameingia ndani. Anaharisha, anatapika, sasa hata machozi hana, analia kavu." Alikuwa hatutazami, analitazama debe. "Dresa wa zahanati anasema tumpe maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo na sukari, kijiko kwa kijiko, tusiache. Debe letu limekwisha tangu jana kwa kumwosha na kufua nguo zake. Majirani nao wana watoto."

Fundi Mbaraka akasema, "Unajua haya ni ya nini?"

"Ya yule wa shimoni."

"Hakuna wa shimoni!" Alifoka hata mimi nikaruka. "Ni ya kwako wewe. Yanakulinda wewe na mashine yako. Shimo likikauka, mashine hizi zina meno. Umenielewa?"

Kibwana akafikiri. Akasema polepole, "Basi kama ni ya kwangu, fundi, nampa mwanangu."

Fundi alimsogezea debe kwa mguu, hakuweza hata kuinama. Kibwana akalibeba kichwani kwa mikono miwili, akaenda bila kumwaga tone. Kesho yake Fundi akampa tena, na kesho yake tena. Mtoto anayeharisha namna ile hanyweshwi mara moja ukamaliza.

Msidhani Fundi alikaa tu akimwachia Mungu. Alikwenda kwa Meneja akaomba banda la brashi lisimame mpaka mvua. Meneja akauliza kwa nini, na shimo linapata maji yake. Hapo Fundi alifunga mdomo, kwa sababu angesema ukweli, debe lingekatwa na mtoto angekufa. Akarudi ameshika kofia yake mkononi. Nilimwona ameinamisha kichwa nikaogopa, maana nilikuwa sijamwona vile.

Alasiri hiyo tukapita nyumba kwa nyumba kambini. Fundi aliomba kata moja ya maji kwa kila nyumba, kata moja tu, ya kumwaga shimoni. Mtu anayeomba maji ayamwage mchangani wakati watu wanalamba midomo, fikirini wenyewe alivyotazamwa. Tukafika kwa Mzee Pazi.

"Mbaraka," Mzee Pazi akasema, "unataka tumnyime maji kiumbe wa Mungu mwenye kiu tumpe jini wako?"

"Mzee wangu, hakuna jini. Ni chumvi na makaa. Chumvi ikikauka haifai kitu, umeme haupiti."

"Leo hakuna jini?"

"Hakuwahi kuwapo."

"Na mbuzi wangu aliuawa na nani?"

Fundi akaapa. Akaeleza mambo ya bamba na waya, hata akanituma nikachukue betri na balbu. Nikaleta, nikawasha balbu kwa kijiko cha maji mbele yao, na nikaona kwamba nimeharibu zaidi. Wanawake walirudi nyuma. Mzee mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiy.

"Ulituambia mwenyewe kwamba shimo lina mwenyewe," Mzee Pazi akasema. "Tukakusadiki. Sasa una shida zako naye, unataka kutuingiza. Swala zetu tunaswali kwa vumbi, naye atayamamu."

"Shimo la ardhi halina tayamamu, mzee wangu," Fundi akasema.

Njiani alinigeukia akasema tutumie mkojo. Msicheke, mkojo ni maji ya chumvi na kwa kazi ile unafaa kabisa. Ukikwama porini kiangazi, kumbuka hilo. Aliwaambia wanaume wa banda la brashi kwamba kila mwenye haja aende shimoni. Walimtazama kama mwendawazimu. Kukojoa juu ya kiti cha jini? Walikuwa wanakwenda mbali kuliko kawaida, hata waliokuwa wakijificha nyuma ya banda waliacha. Tukabaki mimi na yeye, wanaume wawili wasiokunywa maji ya kutosha, tumesimama juu ya tuta tukijikamua. Sijui kama nimewahi kuona kitu cha kuchekesha na cha kusikitisha kwa pamoja kama kile.

Kilichobaki kilikuwa mbao. Fundi alitafuta mbao kavu, akaweka moja mbele ya kila mashine, akawaambia wasimame juu yake na wasishuke mashine ikiwa inazunguka. Wasiguse chuma kwa mkono mtupu. Wakisukuma singa, wasukume kwa fimbo. Hilo walilitii, kwa sababu lilionekana ni dawa ya kumkinga jini. Kwa siku kadhaa kazi ikaenda salama. Mimi nikaanza kusahau. Fundi hakusahau, alikuwa anazunguka banda lile tangu asubuhi hadi king'ora, hali chakula.

Siku yenyewe ilikuwa na joto la kukaanga. Banda limejaa vumbi la singa, mashine zinaunguruma, huwezi kumsikia aliye karibu nawe. Kibwana yuko juu ya ubao wake, kifua wazi, jasho linamtiririka hadi miguuni. Ndipo Mwanahawa akatokea mlangoni. Nilikuwa nimesimama na Fundi kwenye ubao wa swichi, upande wa pili, tukamwona. Alikuwa anacheka. Mikono anaitupa juu, anasema kitu, na Kibwana hasikii. Anaweka kiganja sikioni. Mwanahawa akasema tena kwa nguvu, na hilo hata mimi nililisoma midomoni mwake: "Kaomba uji! Tatu kaomba uji!"

Kibwana akashuka kwenye ubao. Akakanyaga saruji kwa nyayo zake zilizolowa, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni apate kusikia vizuri, na mkono wake wa kulia ukaegemea mashine, kama mtu anavyoegemea nguzo ya nyumba yake.

Sitaeleza yote. Fundi Mbaraka alivuta swichi kubwa kabla mimi sijaelewa ninachokiona, lakini ilikuwa imekwisha. Waya wa mota ile tulikuja kuukuta umechubuka kwa mtetemo, pengine tangu siku nyingi. Umeme ulikuwa umekaa katika chuma kile ukingoja njia. Shimoni chumvi ilikuwapo, nyingi, kavu, kila ioni imefungwa mahali pake. Kibwana alikuwa na jasho, na jasho ni maji ya chumvi, na mwili wa binadamu ndani ni maji ya chumvi vilevile. Ukapita kwake. Fyuzi haikukatika hata baada ya hapo, maana umeme unaotosha kumuua mtu hautoshi kukata fyuzi; nililiona hilo kwa macho yangu nikaichukia ile fyuzi kana kwamba ni mtu.

Meneja alipofika aliuliza kwanza kama mashine imeungua. Fundi alimwambia, "Maji ya shimo nilitoa mimi." Hakumtaja mtoto wala Kibwana. Alifukuzwa siku iliyofuata, akarudi Masaki, akachoma mkaa mpaka mauti yake, na waya hakushika tena. Mimi nilikuwa nikienda kumwona, tukazungumza habari za mihogo na mvua. Nilimpenda mzee yule kama baba, na nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili vipo mpaka leo. Tatu alipona. Ni mtu mzima sasa, yuko Mlandizi, ana watoto, na mama yake alimlea bila kuolewa tena. Kama Mwanahawa alipata kujua yale maji yalitoka wapi, hakuniambia, nami sikuthubutu kumuuliza.

Ninyi mkipata kazi, mtakutana na watu wasiojua mnachofanya. Mtaona raha, nawajua. Mtaacha waogope kwa sababu mtu anayeogopa hasumbui na haibi. Waambieni. Waambieni wakati hamna shida nao, mwaka mzima kabla, kwa lugha yao, na washikeni mkono wauguse waya wa ardhi waone unakokwenda. Siku ya shida hawatawasadiki, na watakuwa na haki.

Siku ile, kabla Fundi hajafukuzwa, tulimlaza Kibwana kwenye kitanda cha kamba ndani ya nyumba ya Mzee Pazi, tukatundika shuka pembeni kumsitiri. Mzee Pazi ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa kambi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema maji hakuna, na sheria ina nafasi, maiti anaweza kutayamamishwa kwa udongo safi akazikwa, hakuna dhambi. Mzee Pazi akakataa. Akatoka mlangoni akawaambia watu waliojaa uani, "Kibwana hatazikwa na vumbi. Kila nyumba ilete ilichonacho."

Basi yakaanza kuja. Mwanamke mmoja alileta kata, mwingine bakuli lililofunikwa kawa, mwingine chupa aliyokuwa ameifukia chini ya kitanda. Waliokuwa wamemwambia Fundi hawana hata tone walikuja na sufuria mikononi, wanalia kwa kweli, wanayamimina taratibu yasidondoke. Walijua thawabu ya kumwosha maiti, hiyo walifundishwa tangu utotoni. Tulijaza madebe mawili, na beseni, na bado wengine wamesimama nje wanaomba yao yapokewe. Majani ya mkunazi yakapondwa, karafuu maiti ikaletwa.

Fundi Mbaraka alikuwa amekunja mikono ya kanzu, amesimama upande wa kichwa cha maiti. Aliyatazama madebe yale.

"Kumbe yalikuwapo," akasema.

Mzee Pazi akainua uso. "Nini, Mbaraka?"

Fundi alichota kata ya kwanza, akammiminia Kibwana upande wa kulia, na mimi nikashika kitambaa nikaanza kumwosha.